Anayeshindwa Aketi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule ile ya Changamwe hakunikaribisha kiti. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na sauti ya kutoka tumboni. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu nyekundu na boksi la chaki, akanisukumia.

"Chaki ni ya kusomesha, kalamu ni ya kusahihisha," akasema. "Ukikosea kwa chaki, utafuta. Ukikosea kwa kalamu nyekundu, mtoto wa watu atalala nalo kosa lako. Umenisikia, Rukia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Haya, nenda darasa la sita. Wamekaa tangu asubuhi kama abiria."

Shule ilikuwa kando ya barabara ya malori yaendayo bandarini, na madirisha hayakuwa na vioo. Trela likipita, unanyamaza. Likishapita, unaanza sentensi upya. Hapo ndipo nilipopata hii sauti ambayo wajukuu zangu wanailalamikia, ati nazungumza na simu kana kwamba iko ng'ambo ya pili. Nyinyi mnaosomesha leo kwa tabuleti na spika, nasema haya ili mjue kazi hii ilivyofanywa kwa koo.

Nilipangiwa Kiswahili. Mimi ni mtoto wa Kisauni, bibi yangu hakujua lugha nyingine, kwa hiyo nilidhani nimepewa mteremko. Haukupita muhula nikaona maajabu. Watoto waliozaliwa na Kiswahili mdomoni walikuwa wakipata alama za chini katika sarufi, na watoto wa makarani na makuli waliohamia kutoka bara, wanaosema "mayai yangu imevunjika" uwanjani, walikuwa wakiwapita kwenye karatasi. Nilikasirika sana, nikadhani wanaibiana majibu. Kumbe wale wa bara walijifunza lugha kwa kanuni, kama hesabu, na mtihani unauliza kanuni. Wetu walijibu kwa sikio. Mtoto wa pwani anajua sentensi ipi ni sawa, lakini ukimuuliza kwa nini, atakwambia, "Mwalimu, ndivyo isemwavyo." Jibu hilo halikuwa na alama.

Nikahamishwa Kisauni, shule moja ya Junda, na huko nikafundishwa kutunga mitihani. Aliyetufundisha alikuwa Mkaguzi wa Shule, mzee mkavu aliyekuja na baiskeli na kuondoka na makosa yetu yote kichwani. Alitueleza kwamba swali la kuchagua lina sehemu mbili. Kuna shina, yaani ile sentensi inayouliza, na kuna majibu manne, moja la kweli na matatu ya kumpoteza mtoto asiyesoma. Yale ya kupoteza tuliyaita vipotoshi. Kipotoshi kibovu ni kile ambacho hata mbuzi hawezi kukichagua. Lakini kibaya kuliko hicho ni kipotoshi ambacho nacho ni kweli.

"Hapo," alisema Mkaguzi, "humpimi tena mtoto. Unampiga."

Alikuwa na amri nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Enzi zile mtihani wa taifa wa darasa la nane ulikuwa na karatasi mbili za Kiswahili siku moja. Kwanza lugha, ambayo ni ya kuchagua majibu, kisha mapumziko mafupi, halafu insha. Mkaguzi alikuwa akituambia kila mwaka, "Karatasi ya lugha ikikusanywa imezikwa. Mtoto asiifukue. Mpeni maji, mpelekeni msalani, mwacheni atazame ukuta. Akiingia kwenye insha akiwa na swali la asubuhi kichwani, ataliandika hilo badala ya insha."

Junda tuliifuata amri hiyo. Mtoto aliyefungua mdomo kuuliza "wewe la kumi umejibu nini" alipelekwa kumwagilia maua.

Mwisho nikapelekwa Likoni, shule ya Bofu, nikawa navuka feri alfajiri na kurudi jua likiwa linazama. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa kijana kwangu mimi, mwana wa hapo hapo Likoni, msafi, mchapakazi, na sitamnyima haki yake: aliikuta shule haina vyoo akaijengea. Ila alikuwa mgonjwa wa wastani. Wastani ni alama za watoto wote zikijumlishwa na kugawanywa, na yeye aliuandika kwenye ubao wa langoni, wa mwaka huu na wa mwaka jana, ili wazazi waone. Ukimwambia mtoto fulani anaumwa, atakuuliza anaumwa katika somo gani.

Yeye ndiye aliyeanzisha mtindo alioupa jina la kuvuna. Baada ya kila mtihani wa majaribio, darasa la nane lilitolewa nje, mbele ya afisi, palipotiwa saruji. Mtoto mmoja anakumbusha swali lenye utata. Waliochagua jibu hili wanasimama upande wa mlingoti wa bendera, waliochagua lile upande wa tangi la maji. Kisha wanabishana. Upande huu unatoa hoja, upande ule unajibu, na aliyeishiwa na la kusema, au aliyebaki peke yake, Mwalimu Mkuu anasema neno moja, "Aketi." Basi anaketi chini pale pale, juani, hadi swali jingine lianze.

Nitasema kweli: kwa majaribio mtindo ule ulifaa. Watoto walichangamka. Niliwasikia wakibishana ngeli hadi kwenye mstari wa uji, nami moyo ukifurahi. Mtoto anayetetea jibu lake kwa mdomo halisahau tena. Ila wapo wasiojua kushindwa kwa mchezo, na mmoja wao alikuwa Mishi.

Mishi alikuwa msichana wa hapo Bofu, mwembamba, baba yake amefariki, akilelewa na bibi yake mzaa mama. Katika miaka yangu yote ya kusomesha sijapata kusoma insha za mtoto kama zile. Angeandika juu ya kisima ukasikia kiu. Watoto wenzake walimwita Bi. Kamusi, kwa kumtania, naye hakujali. Lakini alikuwa na kasoro moja, kwamba kila alichosema alikuwa amekipima kwanza, kwa hiyo kukikataa kitu chake ilikuwa kumkataa yeye mzima.

Mambo yake yalikuwa hivi, na shule nzima iliyajua. Kulikuwa na mfadhili aliyeahidi kumsomesha mtoto wa Bofu atakayeitwa shule kubwa ya bweni huko bara. Mjomba wake, aliyekuwa ndiye msemaji wa ile nyumba, alikuja afisini akasema mbele yangu, "Akiitwa huko, nami nitamfungia sanduku kwa mikono yangu. Asipoitwa, aende Kongowea akamsaidie shangazi yake sokoni. Mimi nina wangu wa kulisha, Mwalimu. Msinione mbaya."

Sikumwona mbaya. Niliona tu kwamba insha ya Mishi peke yake ingemvusha, na nilikuwa nikilala vizuri kwa ajili hiyo.

Siku ya mtihani ikafika. Askari langoni, wasimamizi wageni madarasani, sisi walimu wa shule tumekaa upande wa jikoni kama waliofiwa. Kengele ya kumaliza karatasi ya lugha ilipogonga, watoto wakatoka, nami nilikuwa nimeshatayarisha ndoo ya maji na vikombe. Nikamwona Mwalimu Mkuu anatoka afisini akipiga makofi.

"Mbele ya afisi, wote! Tunavuna!"

Nilidhani anafanya mzaha. Nikamwendea mbio.

"Mwalimu, hawa wana insha sasa hivi."

"Najua ratiba, Bi. Rukia."

"Basi waache wanywe maji. Karatasi imeshakwenda hiyo. Wakibishana sasa watapata faida gani?"

"Faida nitaipata mimi," akasema, tena kwa upole. "Nataka kujua tumesimama wapi. Nikijua wastani wa lugha, nitajua insha inahitaji nini. Na hawa ni wazoefu, wamevuna mwaka mzima. Au wataka leo ndiyo waone mambo yamebadilika, waogope?"

"Nataka wasikumbuke kitu chochote."

"Una huruma ya nyanya, Mwalimu. Skuli haiendeshwi kwa huruma."

Na watoto walikuwa wameshajipanga wenyewe. Hilo ndilo lililonivunja. Walikuwa wamezoea, miguu yao iliwapeleka.

Swali la kwanza likaisha haraka. La pili likaletwa na Otieno, mtoto wa fundi wa mitambo, kijana mcheshi, hodari wa kanuni. Sentensi ilikuwa "Sokoni kumejaa watu", na swali likataka aina ya neno "sokoni". Darasa zima likaenda upande wa tangi: kielezi. Kwenye mlingoti akabaki Mishi peke yake. Yeye alichagua nomino.

"Mishi, kuja huku, acha ubishi," akasema Otieno akicheka. "Neno likiwa na 'ni' mwishoni, ni kielezi cha mahali. Imeisha hiyo."

"Haijaisha. 'Nimekwenda sokoni', hapo ni kielezi, nakubali. Lakini hapa kitenzi kinafuata nini? Kumejaa. Kulikojaa ni wapi? Sokoni. Basi sokoni ndiko kunakoongoza sentensi. Kielezi chaweza kuongoza sentensi, Otieno?"

"Lakini kitabu chasema kielezi."

"Kitabu gani?"

"Vyote!" wakaitikia wengi, wakaangua kicheko, na Otieno mwenyewe akainua mkono kuwanyamazisha, maana hakuwa mtoto mbaya.

Mishi akanigeukia mimi. Nikafungua mdomo niseme kwamba ana hoja, kwamba hata wataalamu hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Mwalimu Mkuu akaniwahi.

"Walimu hawasaidii upande wowote. Kanuni ni kanuni. Mishi, una mwenzio?"

"Sina, Mwalimu."

"Kitabu kinasema kielezi. Aketi."

Akaketi. Alikunja sketi yake vizuri, akaketi kwenye saruji, na nilimwona uso wake ukifungwa kama duka. Nikaenda nikachuchumaa karibu yake na kikombe cha maji.

"Mishi, swali moja tu hilo. Lisahau."

"Mwalimu, kama hilo si kweli, basi na mengine niliyoyajibu vile vile si kweli." Macho yake hayakuwa kwangu. "Nimejibu mengi vile vile."

"Vile vile vipi?"

"Kwa kuyasikiliza."

Kengele ikagonga. Hakunywa yale maji.

Yaliyotokea ndani niliyapata baadaye kutoka kwa Otieno, aliyeketi nyuma yake, na alinieleza huku analia, mtoto wa kiume wa umri ule. Kichwa cha insha kilikuwa chepesi, cha kusimulia safari. Mishi akaandika mstari, akausoma, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Kila neno alilisimamisha na kulihoji. Watoto wenzake waliomba karatasi za ziada, na yeye ukurasa wa kwanza haukumalizika. Muda ulipokwisha alikuwa na aya moja na makovu ya kufutafuta.

Bibi yake alikuja shuleni siku ya pili asubuhi na mapema, kabla ya karatasi kuanza, leso kichwani, nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hali, hanywi. Amelala kaelekea ukuta, yuwanena sokoni, sokoni. Huko sokoni kumefanyani, Mwalimu? Kuna mtu amemdhuru?"

Nilimwambia ni mtihani tu, umemchosha. Nilikwenda naye hadi kwao, nikakaa na Mishi ukumbini, nikamsemesha kila nililolijua. Karatasi zilizobaki alizifanya, maana alikuwa mtiifu, lakini alizifanya kama mtu anayefua nguo za wengine.

Mwezi ule ule nikaitwa bara kusahihisha insha. Kazi hiyo nayo niieleze, maana wengi hawaijui. Watahini hukaa kwa meza, kila meza na kiongozi wake, na kabla ya kushika karatasi ya kweli mnasahihisha nakala za mfano wote pamoja hadi ukali wenu ulingane. Huko ndiko kuoanisha. Husahihishi za kwenu, wala hujui za nani, na unakula kiapo kwamba yanayosemwa humo yatabaki humo. Kila karatasi yenye aya moja iliyopita mkononi mwangu niliisoma mara mbili.

Siku moja wakati wa chai, Kiongozi wa Meza yetu, aliyekuwa miongoni mwa walioitwa kuamua maswali ya utata katika karatasi ya lugha, akasema huku akichovya mkate, "Lile la sokoni limetusumbua. Mtungaji aliteleza. Tumepitisha yote mawili, kielezi na nomino. Kila mtoto kapata."

Nikaweka kikombe chini. Wenzangu wakadhani chai imeniunguza.

Matokeo yalipotoka, Mishi alikuwa amepita vizuri katika lugha, tena kuliko Otieno. Insha ilimwangusha. Alikosa ile shule kwa alama chache sana, na kwa mfadhili chache na nyingi ni sawa. Wastani wa shule ulipanda, ukaandikwa langoni kwa rangi mpya. Nilikwenda afisini na, kwa kuwa matokeo yalikuwa nje, nikamweleza Mwalimu Mkuu lile swali lilivyoamuliwa. Nilitaka aone alichokifanya. Alifikiri kidogo, kisha uso ukamkunjuka.

"Kumbe hatukupoteza alama hata moja," akasema.

Niliondoka bila kumuaga. Nilikwenda kwao Mishi moja kwa moja, nikamkuta bibi anapepeta mchele peke yake. Mjomba alikuwa ameshampeleka Mishi Kongowea. Yule Mwalimu Mkuu naye mwaka uliofuata alipandishwa cheo, tukamfanyia karamu, nikapika mimi pilau, na sijui niliipikaje. Mtindo wake wa kuvuna ukaenda naye, na shule nyingine zikauiga, kwa sababu wastani ulikuwa umepanda na hakuna aliyeuliza nani aliketi.

Nilistaafu nikarudi Kisauni. Wanaostaafu huambiwa wapumzike, na mimi nimepumzika mpaka nimechoka. Ule mtihani wenyewe umefutwa, mtaala umebadilishwa, na majina ya madarasa siyajui tena. Wajukuu hunionyesha kazi zao nami hushika kalamu nyekundu nikairudisha. Watu huniuliza najivunia nini. Nina wanafunzi madaktari, nina mmoja rubani, na Otieno ni mhandisi bandarini, huniletea mihogo kila Ramadhani, ingawa hafungi. Lakini mtu akinitajia kazi yangu, wa kwanza kumwona ni yule aliyekunja sketi.

Nilimtafuta Kongowea mara kadhaa nisimwone, maana soko lile ni kubwa na wenye mikokoteni hawakupi nafasi ya kusimama. Mwaka huu, kabla ya mfungo, nilikuwa upande wa vitunguu, malori ya bara yanashusha, nikasikia, "Shikamoo, Mwalimu."

Ameshakuwa mama wa watu, mwili umejaa, mtandio umefungwa nyuma ya shingo kikazi. Kibanda ni chake. Alinitolea kigoda chake, yeye akakaa juu ya gunia. Tukaulizana hali. Bibi alishatangulia mbele ya haki. Ana binti yuko shule ya hapo karibu, anapenda kusoma.

"Na wewe wasoma bado?" nikamuuliza.

"Hapana, Mwalimu." Hakusema kwa uchungu. "Kuandika pia siandiki. Hesabu za kibanda yule binti ndiye anaandika. Mimi nikishika kalamu mkono huanza kuuliza."

Nikamwomba anipimie vitunguu, ili mikono yetu ipate kazi. Akajaza sahani ya mizani, akatoa kimoja kibovu, akatia kingine, kisha akasema bila kunitazama, "Mwalimu, kuna jambo nimetaka kukuuliza miaka yote. Lile swali la sokoni. Jibu lilikuwa lipi?"

Wallahi nilifikiri kumdanganya. Ningemwambia ni kielezi, wenzio walikuwa na haki, angalau maisha yake yangekuwa na sababu. Lakini alikuwa amenigeukia kwa uso ule ule wa siku ile mbele ya afisi, alipokuwa akingoja nifungue mdomo.

"Yalipokelewa yote mawili, Mishi. Lako na lao. Hukukosea."

Mwenye mkokoteni alipita akipiga kelele tumpishe, Mishi akauvuta mguu wake bila kumwangalia. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mizani.

"Basi niliketi bure," akasema.

Kisha akavimwaga vitunguu vyangu vyote kwenye gunia, akaanza kuvipima upya.